Mapigo ya Moyo Wako ni Mali ya Nani?



Ukisimama alfajiri kwenye barabara za Shanty Town, hapa Moshi, hutakosa kuwaona watu wakikimbia, vijana kwa wazee. Mbio za Kilimanjaro Marathon, zilizoanza mwaka 2003, zimewazoesha wengi mazoezi, na hilo ni jambo jema. Lakini tazameni mikononi mwao. Wengi wamevaa saa ambayo kazi yake si kuonyesha saa tu. Inahesabu hatua, mapigo ya moyo na usingizi. Ya akina mama hata siku zao za mwezi. Yote hayo hupelekwa kwenye simu, na kutoka kwenye simu yakaenda kwenye kompyuta za kampuni iliyoko ng'ambo.

Yakishafika huko, ni ya nani?

Sheria yetu imekwisha jibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Inataka mwenyewe aridhie kwa maandishi kwanza, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa Aprili 2024.

Sasa mtu ananunua saa dukani. Anafungua programu, yanatokea maandishi marefu ya Kiingereza cha mawakili, na chini yake kitufe cha kukubali. Akikataa, saa inabaki bangili. Basi anabonyeza. Mimi siwezi kukuita huko kuridhia.

Madhara yake si ya kubuni. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia, Nathan Ruser, aligundua kwamba ramani iliyotolewa na kampuni ya Strava, ikionyesha njia walizopita wakimbiaji duniani kote, ilikuwa imeanika kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikuwa wakifanya mazoezi na saa zao mkononi. Ikiwa kambi yenye walinzi ilianikwa hivyo, sembuse dada anayetoka kwenye geti lake saa kumi na moja alfajiri, na kurudi kwenye geti lile lile kila siku?

Wenzetu wa Ulaya walishtuka mapema. Google iliponunua Fitbit, ilikubaliwa huko kwa sharti kwamba kwa miaka 10 isitumie habari za afya za watumiaji wa Ulaya kwa matangazo yake ya biashara. Sharti hilo halimfikii mkazi wa Majengo.

Tupande sasa mlimani, maana huko ndiko ninakoona hatari zaidi. Waongozaji wamezoea kumbana mgeni kidoleni kifaa kidogo cha kupima oksijeni na mapigo, na tarakimu zikaandikwa. Hilo huokoa maisha, wala simlaumu mtu. Lakini tangu mwaka 2022 intaneti ya kasi imefika Horombo, mita 3,720 juu ya bahari, na kilichokuwa kinaandikwa kwenye daftari kinaweza kuingia kwenye simu na kuvuka bahari siku ile ile.

Na mgumu anayebeba mizigo je? Kazi yake ni ya safari kwa safari. Mwajiri akimwambia avae saa ya kampuni, kisha akasoma kwamba moyo wake unakwenda mbio kupita wa wenzake, safari ijayo ataitwa? Mzigo wake hupimwa kwenye mzani getini ili asionewe. Moyo wake utapimwa kwa faida ya nani? Sahihi ya mtu anayeogopa kukosa kazi si ridhaa, hata ikiwa ya maandishi.

Tume izibane kampuni hizi zieleze kwa Kiswahili zinachukua nini, zinakipeleka wapi, na mtu atakifutaje. Waandaaji wa mbio na wenye kampuni za utalii nao wasijifanye hayawahusu. Wakati huo, wewe mkimbiaji fungua programu yako leo, ufiche mahali unapoanzia na unapoishia. Na mgumu atakayelazimishwa kuvaa saa ajue kwamba sheria inamruhusu kupeleka malalamiko kwenye Tume.