Mgono na Chambo: Uvuvi wa Kambare na Kamongo Katika Ziwa Victoria



Kando ya Ziwa Victoria, mahali ambapo mafunjo hukutana na maji yaliyotulia, wavu hauna kazi kubwa. Hushikwa na mizizi, hupasuka, na mwenyewe hurudi nyumbani na hasara. Hapo ndipo mgono unapofaa. Kabla ya mwaka 1905, nyavu za kitani kutoka Ulaya zilipoanza kutumika katika ghuba iitwayo leo Winam, wavuvi wa pwani hiyo walipata samaki wao kwa migono, kwa ndoana na kwa nyua zilizojengwa mitoni. Na mgono haujapoteza faida yake hata baada ya nyavu kuenea.

Mgono husukwa kwa fito au matete, nao una umbo kama la chupa kubwa. Mlangoni hutiwa koo jembamba la vijiti vyenye ncha vinavyoelekea ndani. Samaki aingiapo, vijiti humpisha. Akitaka kutoka, ncha humkabili. Lakini samaki hataingia bila sababu, na sababu hiyo ni chambo. Kambare na kamongo hutafuta chakula zaidi usiku, tena katika maji ya matope, wala hawategemei macho. Kambare anazo sharubu jozi nne za kupapasia na kuonjea maji. Kwa hiyo chambo chenye harufu kali ndicho kinachofaa: matumbo ya samaki, vipande vya nyama yake, au konokono waliopondwa, kwani kamongo mkubwa hupenda sana konokono, na meno yake ni mabamba makali yanayovunja gamba. Chambo kifungwe katika kitambaa chepesi, kitundikwe mwisho wa mgono mbali na mlango, ili samaki wadogo wasikimalize. Kama maji yanatembea, mlango uelekee kule yanakokwenda, maana samaki huifuata harufu akipanda kinyume cha maji.

Jambo moja husahauliwa na wengi. Kamongo ni samaki, lakini akiisha kukua hawezi kuishi kwa mashavu peke yake. Ni lazima apande juu kuvuta hewa. Mgono ukizamishwa wote, kamongo aliyenaswa jioni hufa ndani ya maji kama mtu, na asubuhi mvuvi hukuta mzoga ulioanza kuharibika. Hata kambare, ingawa ana nguvu zaidi, hupata taabu kwenye maji ya mafunjo yasiyo na hewa ya kutosha. Basi sehemu ya juu ya mgono iachwe nje ya maji, nao ufungwe imara kwenye mti uliochomekwa chini.

Faida kuu ya mgono ni kwamba samaki huwa hai, na mvuvi huweza kuchagua. Mwaka 1933 sheria ilitaka jicho la wavu wa kuvulia ngege lisipungue inchi 5, kwa kuwa uchunguzi wa miaka ya 1927 na 1928 ulionyesha kwamba ngege walikuwa wakipungua. Mgono nao una jicho lake, yaani nafasi iliyo kati ya fito. Anayezibana fito sana hukusanya watoto wa samaki wasiojaza hata kikombe, na mwakani hulalamika kwamba ziwa limekauka samaki.

Tena kuna majira. Mvua zikizidi, kambare huingia katika nyasi zilizofurika na kwenye midomo ya mito kutaga mayai. Kamongo dume hutengeneza kiota matopeni kati ya mafunjo, naye hukilinda na kuwalinda watoto kwa wiki nyingi bila kuondoka. Mvuvi anayekijua kiota humpata kwa urahisi mno; lakini amtoapo yule baba mmoja, watoto wote huachwa kwa adui zao. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 kamongo walipungua sana katika ziwa hili, na wataalamu walitaja sababu hiyo pamoja na kukatwa kwa mafunjo ili kupata mashamba. Mgono utegwe basi kwenye maji ya wazi kando ya mafunjo, wala si mlangoni pa kiota.

Migono ihesabiwe jioni na ihesabiwe tena asubuhi. Wa fito ukipotea huoza. Wa waya hukaa muda mrefu ukiendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewala.

Kuhusu wakati wa kuitoa, alfajiri ni bora kuliko adhuhuri. Katika maji ya ukingoni wamo konokono wenye kueneza kichocho, na vijidudu vyake hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali. Mwenye mtumbwi asishuke majini bila haja. Wala mkono usitiwe ndani ya mgono kwa kupapasa: kambare ana miiba miwili nyuma ya kichwa, na kamongo huuma vibaya sana. Mgono hufunguliwa upande wa nyuma, na samaki humwagwa katika mtumbwi.