Nani Hakufika Zahanati?

Hotuba kwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili, iliyotolewa Ruanda, wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe



Tunawashukuru kwa kuitikia mwito wetu. Wengine mmeacha shughuli za shamba, na wengine mmepanda bodaboda kwa nauli yenu wenyewe. Tunaomba nauli hiyo muikumbuke, kwa maana ndiyo mwanzo wa yote tutakayoyasema leo.

Kwa miaka mingi, sisi katika shirika hili tulipoandika taarifa ya mwaka kuhusu afya tulihesabu wagonjwa waliotibiwa, vitanda vilivyonunuliwa na majengo yaliyoezekwa. Hesabu hizo zilikuwa za kweli. Lakini hatukuwahesabu waliobaki nyumbani. Mtu asiyefika zahanati haandikwi katika daftari la zahanati, na asiyeandikwa hatumwoni. Hilo ni kosa letu, na tunalikiri mbele yenu.

Tusije tukasahau kushukuru. Nchi yetu imepiga hatua kubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa akina mama 63 katika kila 100 walijifungulia katika vituo vya afya. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta wamefikia 81. Vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vilishuka katika kipindi hicho kutoka makadirio ya 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Nyuma ya tarakimu hizo kuna wakunga, waganga na wananchi waliobeba matofali na mchanga kujenga zahanati zao.

Hata hivyo, 81 katika 100 maana yake ni kwamba 19 hawakufika. Swali letu leo ni hili: hao 19 ni akina nani? Je, wanatoka katika kila nyumba sawasawa, ya mwenye duka na ya kibarua, ya kando ya lami na ya bondeni? Ninyi mnaoishi nao mnalijua jibu.

Mwaka 1971 daktari mmoja wa kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, Julian Tudor Hart, aliandika kwamba huduma nzuri ya afya huelekea kupatikana kwa shida zaidi pale inapohitajika zaidi. Aliyasema hayo juu ya nchi tajiri, ambako matibabu yalikuwa yakigharamiwa na serikali kwa wote. Ikiwa ilikuwa hivyo kwao, hatuna budi kujichunguza sisi. Wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Tumeona vizuizi vitatu.

Cha kwanza ni safari. Mkoa wetu wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, unapitiwa na barabara kuu iendayo Tunduma hadi Zambia. Anayeishi Mlowo au Vwawa hakosi gari. Lakini mkoa huu huu una milima ya Ileje na bonde la Momba linaloteremka kuelekea Ziwa Rukwa. Masika yakianza njia huwa tope, na pikipiki inayokubali kwenda hutaja bei ya usiku na ya matope. Huduma ya kujifungua haitakiwi kulipiwa katika kituo cha serikali. Lakini mama hawezi kuifikia huduma hiyo ya bure kama nauli imemshinda.

Cha pili ni fedha, na hasa majira ya fedha. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza mwaka 1993. Sera iliwasamehe wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, wenye magonjwa kama kifua kikuu na UKIMWI, wazee wasio na uwezo, na wengine walio maskini kabisa. Ulipokuja Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018, mchango ulikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Kwa mwenye mshahara, si fedha nyingi. Lakini hapa kwetu fedha huja na kahawa na mahindi. Malaria na kuhara huja na mvua, wakati ghala linaelekea kwisha na kahawa bado iko mtini. Ugonjwa hausubiri mavuno. Kiwango kikiwa kimoja kwa wote, uzito wake haulingani mabegani mwa wote.

Cha tatu hakionekani kwa macho, nacho ni aibu. Ili usamehewe gharama kwa umaskini unahitaji barua kutoka serikali ya kijiji. Fikirini mjane anayekwenda kwa mtendaji na kusema mbele ya watu, "Mimi sina kitu." Akikuta ofisi imefungwa, atarudi kesho na mtoto akiwa na homa. Wapo wanaoona afadhali kuchemsha majani nyumbani. Wapo pia waliowahi kwenda wakafokewa kwa sababu ya nguo zao au kwa kukosa vifaa vya kujifungulia, nao hawakurudi. Na kiziwi anayeitwa kwa jina kwenye foleni, asisikie, hurukwa mpaka jioni bila mtu yeyote kumkusudia ubaya.

Ndugu zetu, usawa si kumpa kila mtu kitu kilekile. Mlango wa zahanati uko wazi kwa wote, lakini wote hawaanzi safari wakiwa mahali pamoja. Usawa ni kuhakikisha kwamba aliye mbali zaidi naye anafika, anapokelewa kwa heshima na anatibiwa kwa kadiri ya ugonjwa wake.

Mnaikumbuka habari ya Msamaria mwema. Nyumba ya wageni ilikuwa tayari imejengwa. Kilichokosekana ni mtu wa kumpandisha majeruhi juu ya mnyama wake, kumfikisha, na kumlipia. Sisi tumekuwa hodari wa kujenga nyumba za wageni. Sasa twende barabarani.

Tunaziomba kamati za sharika mambo matatu.

Kwanza, kila jumuiya iandike orodha ya kaya ambazo zikipatwa na ugonjwa usiku wa leo hazina nauli wala ada. Orodha isiulize dhehebu wala dini. Isisomwe kanisani, kwa maana tunataka kuondoa aibu, si kuiongeza. Wazee wawili wa kamati waipeleke kwa mtendaji wa kijiji, ili barua za msamaha ziandaliwe kabla ya ugonjwa. Kazi hii ina umuhimu zaidi sasa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Lakini hakuna mfuko unaoweza kumlipia mtu ambaye jina lake halijulikani.

Pili, ifahamuni kamati ya usimamizi ya zahanati yenu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kutumwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na kamati hiyo, yenye wawakilishi wa wananchi, ina sauti katika matumizi. Ulizeni inakutana lini. Nafasi ikitokea, msimpendekeze tu mwenye gari. Mpendekezeni pia mama anayetembea kwa miguu kutoka kitongoji cha mwisho. Yeye ndiye anayejua daraja lipi huzama.

Tatu, kila mjamzito na familia yake waijue namba 115. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022. Mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga akipatwa na dharura, mfumo huo hutafuta gari la wagonjwa, na lisipopatikana humwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye mama hamlipi. Itangazeni baada ya ibada, kisokoni na kwenye vyama vya wakulima wa kahawa. Madereva waaminifu waliomo kati yenu wahimizwe kujiandikisha.

Nanyi ndugu wafadhili, tunawaomba jambo moja gumu. Jengo hupigwa picha vizuri, likawekwa na kibao. Nauli ya mjane haina kibao. Hata hivyo tunawasihi mtusaidie kugharamia safari, nyumba za kusubiria akina mama wajawazito karibu na vituo, na mafunzo ya wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Na taarifa yetu ijayo itakapowafikia, msituulize tu ni wangapi waliotibiwa. Tuulizeni ni nani hakufika, na tulifanya nini juu yake.

Sisi kwa upande wetu tunaahidi ukurasa mmoja wa taarifa hiyo utakuwa wa swali hilo. Hautakuwa na majina. Utakuwa na vitongoji, sababu, na hatua zilizochukuliwa. Pale tutakaposhindwa, tutaandika kwamba tumeshindwa.

Tunapoondoka hapa, kila mmoja atapita mbele ya nyumba fulani anayoijua, yenye mgonjwa ambaye hajaonekana siku nyingi. Tunaomba asiipite. Apige hodi.