Afya Yetu: Paja Linalouma Baada ya Kupandikizwa Ngozi

(Muziki unashuka)

Leo tunasema na wewe uliyeungua, labda kwa moto wa mbaula au kwa maji ya moto, ukapelekwa hospitali na kupandikizwa ngozi.

Daktari alichukua ngozi nyembamba, mara nyingi kwenye paja, akaiweka pale palipoungua. Sasa unajiuliza: niliungua mkono, mbona paja ndilo linaninyima usingizi? Wengine husema, "Wamenikata mahali pazima, wameniharibu." Hapana. Ngozi ya juu ikiondolewa, ncha za mishipa ya fahamu hubaki wazi. Ndiyo maana paja huweza kuuma kuliko kidonda chenyewe. Siku za kwanza ndizo ngumu. Kwa kawaida paja hupona katika wiki 2 hivi.

Usingoje maumivu yapande. Meza dawa kwa saa ulizoandikiwa, hata ukipata nafuu kidogo. Parasetamoli ya miligramu 500, kwa mtu mzima, ni vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Aliyekonda sana au mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake, usimgawie vyako. Usichanganye na vidonge vya mafua vya sokoni, maana vingi vina parasetamoli ndani, na ikizidi huharibu ini. Siku ya kubadilisha bendeji, omba dawa mapema, kabla hawajaanza.

Bendeji ikishikana na kidonda, usiivute. Nesi atailowesha. Usipake majivu, majani wala dawa ya meno. Ukikaa, inua mguu.

Rudi kliniki siku hiyo hiyo kama maumivu yalipungua kisha yakazidi, kama kuna usaha, harufu mbaya au homa, au damu inalowesha bendeji.

Nesi asiposikia Kiswahili, mwambie kwa Kibemba: "Cilekalipa sana," yaani, inauma sana. Au onyesha vidole: kimoja ni maumivu kidogo, 10 ni yasiyovumilika.

Ndugu yangu, kunyamaza na maumivu hakuponyeshi kidonda. Aliyetulizwa maumivu hulala, hula, hutembea, na mwili wake hupata nguvu ya kupona. Sema mapema, usaidiwe mapema.

(Muziki unapanda)