Jina ni Letu, Kiwanja ni cha Nani?

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka



Kamati ya michezo imetutuma tuseme machache juu ya mpira na kiwanja. Wako wadhanio kuwa hayo ni mambo ya vijana tu, twawaomba mtuvumilie.

Vyama vya kusaidiana vilipoanza mjini Nairobi, kazi yake ilijulikana: kuzika wafu na kuwatunza wasio na kazi. Lakini vijana nao walihitaji mahali pa kukutana, na timu zikaundwa. Luo Union ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1964. Mwaka uo huo timu kadhaa za Waluhya ziliungana zikawa Abaluhya, nayo ikawa bingwa mwaka 1966. Gor Mahia ilizaliwa mwaka 1968, na mwaka uo huo ikatwaa ubingwa.

Vilabu hivyo vilikutana City Stadium, kando ya Barabara ya Jogoo, iliyoitwa zamani Donholm Road. Kaloleni na Makongeni ziko jirani. Mtu alitoka kwake kwa miguu, akalipa kiingilio, akaonana na ndugu zake, akasikia habari za nyumbani. Kiwanja kilikuwa baraza.

Mwaka 1980 vilabu viliamriwa kuacha majina ya makabila, na Abaluhya ikawa AFC Leopards. Jina liligeuka, watu hawakugeuka. Mwaka 1987 Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika, baada ya kutoka sare na Espérance, mabao 2-2 mjini Tunis na 1-1 Nairobi, ikashinda kwa mabao ya ugenini.

Lakini katika fahari hiyo yote, vilabu hivyo viwili havikuwa na kiwanja chao wenyewe. City Stadium ni mali ya jiji. Kila kilipofungwa, timu zilihamahama, mara Nyayo, mara Kasarani, mara Machakos, na mashabiki wa miguu wakabaki nyuma. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Wazee wetu, kiwanja wachezapo watoto wetu nacho ni cha kuazima. Tulikipata kwa neno la mdomo, na wengi waliotoa neno hilo wamekwisha kufa. Kwa hiyo twaomba mkutano uamue mambo mawili. Kwanza, wazee walioshuhudia waje waonyeshe mipaka, nayo iandikwe. Pili, fedha za kutafuta hatimiliki zitengwe kabla ya fedha za jezi.

Twajua vijana watanung'unika, na wana haki, maana jezi zao zimechakaa. Lakini jezi yaweza kununuliwa mwaka ujao. Ardhi ikishapotea hairudi.

Hayo ndiyo tuliyotumwa. Uamuzi ni wenu.