Utoto wa Msichana Si Bidhaa

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huo hutumiwa kuonya juu ya adui aliye karibu, lakini siku hizi waweza kuchukuliwa kama ulivyo, neno kwa neno. Katika nguo za mtoto wa kike, hasa katika nchi zinazoongoza biashara ya mitindo duniani, imeshonewa fikra inayomla mtoto huyo: kwamba thamani yake ni umbo lake, na kwamba umbo hilo lipo kwa ajili ya macho ya watu wazima.

Jambo hili halikuzuka lenyewe. Lina historia, lina wenyewe na lina faida kwa wenyewe hao.

Mwaka 1980 kampuni ya Calvin Klein ya Marekani ilitangaza suruali zake za jinzi kwa kumtumia mwigizaji Brooke Shields, aliyekuwa na umri wa miaka 15. Maneno aliyopewa kuyasema mbele ya kamera yalikuwa na maana mbili, na ile maana ya pili haikustahili kinywa cha mtoto. Baadhi ya vituo vya televisheni vilikataa kuonyesha matangazo hayo. Hata hivyo jina la kampuni lilivuma, na wengi katika biashara hiyo wakaliona somo. Mwaka 1995 kampuni hiyohiyo ililazimika kuondoa matangazo mengine ya vijana yaliyowaudhi wazazi, na serikali ya Marekani ikafanya uchunguzi uliomalizika bila mashtaka. Mwaka 1999 yakafuata matangazo ya nguo za ndani za watoto wadogo, nayo yakaondolewa upesi baada ya lawama.

Kutoka kwenye matangazo, ugonjwa ulihamia kwenye rafu za maduka. Mwezi Aprili 2010 maduka ya Primark nchini Uingereza yaliacha kuuza vazi la kuogelea lililotiwa sponji kifuani, lililoshonwa kwa ajili ya wasichana wa miaka saba hivi. Mwaka uliofuata, kampuni ya Abercrombie & Fitch ya Marekani ilishutumiwa kwa vazi la namna hiyohiyo. Yafaa kila mzazi ajiulize: mtoto wa miaka saba, ambaye hata meno ya utoto hayajamtoka yote, sponji ya kifuani ni ya nini? Haimsaidii kuogelea wala haimkingi na baridi. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kumwonyesha mtoto kuwa ana kitu asichokuwa nacho, kwa watu wasiostahili kukitazama.

Huko Ufaransa, mwishoni mwa 2010, jarida la Vogue la Paris lilichapisha picha za mtoto asiyezidi miaka 10, amepodolewa, amevishwa vito na viatu vya mchuchumio, amelazwa katika mikao ya mwanamke mzima. Ghadhabu zilizofuata hazikuishia magazetini. Mwezi Machi 2012 Chantal Jouanno, seneta aliyepata kuwa Waziri wa Michezo, alitoa taarifa ya kupinga tabia ya kuwavika watoto ashiki za watu wazima. Mwezi Septemba 2013 Baraza la Seneti la nchi hiyo lilipiga kura kuunga mkono kupigwa marufuku mashindano ya urembo ya watoto walio chini ya miaka 16. Na mwezi Mei 2012 wahariri wa matoleo 19 ya jarida lilelile la Vogue walikuwa wamekubaliana kutowatumia kwa kujua wanamitindo walio chini ya miaka 16. Mwenye nyumba akikiri kwamba paa linavuja, jirani hana haja ya kubishana naye.

Kwa nini wafanyabiashara hung'ang'ania njia hii? Jibu liko katika hesabu za faida. Mtoto aliyeachwa awe mtoto huhitaji nguo chache: ya shule, ya michezo, ya sikukuu. Lakini mtoto aliyefundishwa kujitazama kwenye kioo na kujiona ana kasoro huwa mnunuzi wa kudumu. Atataka rangi ya mdomo, atataka manukato, atataka viatu vya mchuchumio, na msimu ukibadilika atavitaka upya. Tena mtindo uliobuniwa kwa mwanamke wa miaka 25 ukipunguzwa vipimo tu na kuuzwa kwa msichana wa miaka minane, soko hupanuka bila gharama ya kubuni kitu kipya. Kwa maneno mengine, kinachouzwa kwanza ni wasiwasi. Nguo hufuata baadaye.

Madhara yake si ya kukisia. Mwaka 2007 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitoa ripoti iliyokusanya matokeo ya uchunguzi mwingi, ikaonyesha kwamba kuwafanya wasichana vyombo vya matamanio kunahusiana na kujidharau, huzuni ya kudumu na matatizo ya kula. Walimu watapendezwa hasa na jaribio lililochapishwa 1998. Wanafunzi wa chuo, wa kike na wa kiume, waliombwa kujaribu ama sweta ama vazi la kuogelea, kila mmoja peke yake chumbani mbele ya kioo, kisha wakapewa maswali ya hisabati. Wasichana waliovaa vazi la kuogelea walifanya vibaya kuliko wenzao waliovaa sweta. Kwa wavulana tofauti hiyo haikuonekana. Hakuna aliyekuwa akiwatazama. Walikuwa wakijitazama wenyewe kwa macho ya wengine, na sehemu ya akili iliyohitajiwa kwenye hesabu ikawa imeshughulishwa na umbo. Ikiwa hali ndiyo hiyo kwa mtu mzima kwa dakika chache, mtu aweza kupima mzigo wa mtoto anayelelewa hivyo tangu utotoni.

Wako wanaosema kwamba kupinga mambo haya ni kupinga uhuru wa mwanamke. Hoja hiyo haina mashiko. Mwanamke mzima huchagua vazi lake akijua maana yake, na hiyo ni haki yake. Mtoto wa miaka minane hachagui. Huchaguliwa na kampuni, kisha huambiwa kuwa uchaguzi ni wake.

Tanzania haiko mbali na suala hili. Nguo zilizoshonwa kwa watoto wa Ulaya na Marekani hufika nchini katika marobota ya mitumba, na picha zao hufika kwa simu za mkononi kabla ya robota kufunguliwa. Hata hivyo, katika kulikabili tatizo hilo yafaa kosa la zamani lisirudiwe. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, dhidi ya sketi fupi, mawigi, mafuta ya kujichubua na suruali za kubana. Nia ilikuwa kulinda heshima ya taifa, lakini jijini Dar es Salaam makundi ya vijana yaliwasumbua wanawake mitaani kwa sababu ya mavazi yao. Aliyetengeneza bidhaa hakuguswa. Aliyeivaa ndiye aliyeadhibiwa. Kumzomea msichana kwa nguo aliyovaa ni kumfundisha somo lilelile analofundishwa na mfanyabiashara: kwamba yeye ni mwili tu.

Kwa hiyo wajibu uliopo ni wa namna tatu. Kwanza, shule zihakikishe kwamba katika mahafali na sherehe zake hakuna mashindano ya urembo ya watoto, wala ngoma na maonyesho yanayomvisha mtoto umbo la mtu mzima. Zawadi zitolewe kwa insha, hesabu, mbio na ufundi. Pili, watumishi wanaohusika na biashara, matangazo na utangazaji wakumbuke kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto kuwa ni kila aliye chini ya miaka 18, na wayapime matangazo kwa kipimo hicho. Tatu, mwalimu amwonapo mwanafunzi aliyeanza kujidharau kwa sababu ya umbo lake, asimkemee mbele ya wenzake. Amwite kando, amsikilize, kisha amkabidhi kazi itakayomwonyesha uwezo wake.

Uingereza na Ufaransa hazikuwangoja wafanyabiashara wapate huruma. Wazazi walilalamika, magazeti yakaandika, wabunge wakahoji, na bidhaa zikaondolewa. Funzo ni kwamba anayeuza kwa faida husikiliza anaponyimwa faida hiyo. Mzazi anayeiacha nguo hiyo mezani kwa muuza mitumba amekwisha kupiga kura yake, na binti anayesimama kando yake amepata nafasi ya kuwa mtoto mwaka mmoja zaidi.