Boya Halifungiwi Chombo

Kila nipitapo mlango wa bandari nakuta ngalawa imefungwa kwenye boya, na wenyewe wametulia wakivua, nikiwakemea hunijibu, "Kidogo tu, mzee." Boya hushikwa na mnyororo na uzito uliolazwa chini ya bahari, na urefu wa mnyororo huo hukadiriwa kwa maji kujaa na kupwa; basi mkilivuta kwa kamba na kulitundikia nyavu, likasogea mahali pake, huwa shahidi wa uwongo, na nahodha anayelisadiki usiku hupanda mwamba pamoja na abiria wake.

Zamani taratibu za maboya duniani zilizidi 30, hata mwaka 1980 mataifa yakaafikiana juu ya utaratibu mmoja wenye kanda mbili. Kwetu sisi, tokea Lamu hata Mtwara, uingiapo bandarini kutoka bahari kuu, boya jekundu lenye umbo la pipa liache kushoto, na la kijani lenye umbo la pia liache kulia. Utokapo, pande hubadilika, na hapo ndipo wanapoangamia waliohifadhi nusu ya elimu! Mabaharia waliozoea Marekani au Japani wazingatie kwamba huko rangi hizo ni kinyume.

Boya la manjano na nyeusi lina pia mbili kichwani: zikielekea juu, pita kaskazini yake, zikielekea chini, kusini, zikikutana vitako, mashariki, zikikutana ncha, magharibi. Usiku taa yake nyeupe humweka kwa kufuata saa ya ukutani: mara 3 mashariki, mara 6 na mmweko mrefu kusini, mara 9 magharibi, na kaskazini bila kukoma. Jeusi lenye mkanda mwekundu na tufe mbili hukaa juu ya hatari yenyewe. La manjano tupu lina kazi zake maalumu.

Lakini taa hizo zina faida gani, ikiwa wako wanaozing'oa betri wakawashie redio nyumbani? Nahodha mmoja ninayemjua aliitafuta taa ya mlangoni usiku wa kusi asiione, jahazi likakwama funguni, shehena yote ikalowa.

Enyi wavuvi, fungueni kamba zenu leo, mtie nanga mbali na njia ya meli; na yeyote aonaye boya lililozimika au kuhama, ampelekee habari mkuu wa bandari siku ile ile.