SHERIA YA MADHARA: MWANAFUNZI HUSOMA NINI, NA SISI TUPATE NINI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Kamati imenipa nafasi niseme kidogo juu ya sheria. Najua wengine wenu mkisikia neno hilo mnafikiri habari za polisi na faini. Leo sina habari ya polisi. Nataka kueleza somo moja ambalo wanafunzi wa sheria katika chuo kikuu hulisoma mapema, nalo ni sheria ya madhara. Wao huiita torti. Mimi nilisoma shule ya msingi ya misheni tu, lakini mtoto wa dada yangu yuko chuoni, na wakati wa likizo husoma vitabu vyake mezani kwangu, nami humwuliza maswali mpaka anachoka. Nimeona kwamba vitabu hivyo vimejaa watu kama sisi, na ndiyo sababu nimesimama hapa.

Kwanza tujue torti ni nini. Mtu akiiba, Serikali humshitaki, na akipatikana na hatia hufungwa au hutozwa faini. Hiyo ni jinai. Lakini mtu akikuumiza kwa uzembe wake, wewe mwenyewe waweza kumdai mahakamani, na ukishinda atakulipa fidia. Shabaha si kumwadhibu. Shabaha ni kukurudisha, kadiri fedha ziwezavyo, mahali ulipokuwa kabla hujaumia. Hiyo ndiyo torti.

Sehemu kubwa ya sheria hii haikuandikwa na Bunge. Ilitengenezwa na majaji wa Uingereza, kesi baada ya kesi, na sheria ya Kenya huitambua kwa kadiri inavyofaa hali ya nchi na wenyeji wake. Kwa hiyo mwanafunzi hapewi amri za kukariri. Hupewa kesi, naye lazima aseme mambo manne: ni nini kilitokea, nani alimdai nani, jaji aliamua nini, na kwa sababu gani. Akikosea lile la kwanza, yote yanayofuata huharibika.

Kesi wanayoanza nayo wengi ni ya Scotland. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley, mama mmoja aitwaye May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi, huwezi kuona ndani. Alikunywa kidogo, na rafiki yake alipomimina iliyobaki, alisema yule mama, akatoka konokono aliyeoza. Akaugua, akamdai mtengenezaji. Mtengenezaji akajibu: wewe hukununua kitu kwangu, hatuna mapatano, sikujui. Mwaka 1932 majaji wa juu wa Uingereza, watatu dhidi ya wawili, walisema kwamba kama mambo hayo ni kweli, mtengenezaji alikuwa na wajibu wa kumwangalia mnywaji hata kama hamjui. Mmoja wao, Lord Atkin, alichukua lile swali ambalo sisi wa shule za misheni tunalijua sana: jirani yangu ni nani? Akajibu kwa njia ya sheria kwamba jirani yako ni yule ambaye ungepaswa kumfikiria kabla hujatenda, kwa sababu tendo lako laweza kumdhuru.

Kutoka hapo mwanafunzi hufundishwa kutafuta mambo manne katika kila dai la uzembe. Je, huyu alikuwa na wajibu wa kuniangalia? Je, aliuvunja wajibu huo? Je, nimeumia? Je, kuumia kwangu kumetokana na kule kuvunja wajibu? Moja likikosekana, dai linaanguka.

Sasa mtauliza, je, tajiri si jirani wa mfanyakazi wake? Hapa ndipo inafaa sisi watu wa reli tusikilize vizuri. Mwaka 1837, huko Massachusetts katika Marekani, dereva wa injini jina lake Nicholas Farwell alikuwa kazini. Mwenzake wa kubadilisha njia aliacha reli imeelekea pabaya. Injini ikaacha njia, na mkono wa kuume wa Farwell ukasagwa. Akalidai shirika lake. Mwaka 1842 Jaji Mkuu wa huko, Lemuel Shaw, alimnyima. Alisema dereva alikuwa akilipwa dola 2 kwa siku, zaidi ya mshahara wake wa zamani wa ufundi, na katika mshahara huo hatari ilikuwa imekwisha kuhesabiwa. Tena aliyekosa ni mfanyakazi mwenzake, wala si tajiri.

Majaji wa Uingereza nao walikuwa na msimamo huo. Wakati ule mfanyakazi aliyeumia alikutana na kuta tatu. Ukuta wa kwanza: aliyekosa ni mwenzako, basi tajiri hana neno. Ukuta wa pili: uliijua hatari ukaendelea na kazi, basi uliikubali. Ukuta wa tatu: wewe mwenyewe ulikosa kidogo, basi hupati hata senti. Ndugu zangu, fikirini mtu wa reli atakosaje kugonga ukuta mmojawapo. Kazi yetu yote ni kutegemeana. Mmoja huendesha, mmoja hutoa ishara, mmoja hufungua njia.

Kuta hizo hazikuanguka zenyewe. Vyama vya wafanyakazi vya Uingereza, pamoja na chama cha watu wa reli kilichoundwa mwaka 1871, vilizidi kudai mbele ya Bunge. Sheria ya 1880 ilitoboa ukuta wa kwanza, na iliwataja wazi wenye kusimamia ishara, njia za kubadilishia, injini na treni: hao wakikosa, mfanyakazi aliyeumia aweza kumdai tajiri. Sheria ya 1897 iliwapa fidia watu wa kazi za hatari, reli zikiwamo, bila kulazimika kuonyesha uzembe. Mwaka 1945 ukuta wa tatu ulibomolewa: kosa lako likawa la kupunguza fidia, si la kuifuta. Na mwaka 1948 ukuta wa kwanza ukaondolewa kabisa. Hesabuni tangu 1837 hadi 1948. Ni miaka 111.

Majaji nao walibadilika. Mwaka 1937, katika kesi ya mchimba makaa wa Scotland aliyebanwa na mitambo ya kuvutia mabehewa wakati akitoka kazini, walisema tajiri ana wajibu wake mwenyewe: kuweka wafanyakazi wanaojua kazi, kutoa vyombo vinavyofaa, na kupanga kazi kwa njia ya salama. Hawezi kusema nimemwachia msimamizi. Tena iko kesi iliyochapishwa mwaka 1951, ya fundi wa gereji wa baraza la Stepney, London, aliyekuwa na jicho moja zima. Hakupewa miwani ya kazi. Alipopiga nyundo, kipande cha chuma kiliruka kikaingia katika jicho lile zima, akawa kipofu. Majaji walisema tajiri aliyejua hali yake alipaswa kumfikiria yeye hasa, kwa kuwa kwake kupoteza jicho moja ni kupoteza yote.

Sasa turudi kwetu Kenya. Tuna Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Chini yake, mfanyakazi aliyeumia kazini hana haja ya kuonyesha kwamba tajiri alikuwa mzembe. Yatosha kwamba ajali imetokana na kazi, akiwa kazini. Lakini sheria hiyo hiyo imefunga njia ya kumshitaki tajiri mahakamani kwa madai ya torti. Watu walibishana sana juu ya jambo hilo, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakata shauri na kuiacha sheria isimame. Dai sasa hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Tajiri akipata habari ya ajali, anapaswa kumwarifu Mkurugenzi katika siku 7. Dai lenyewe lazima lipelekwe kabla ya miezi 12 kwisha. Usiporidhika na uamuzi wake, una siku 60 za kupinga. Aliyelemaa kabisa asiweze kazi tena hupimiwa mshahara wa miezi 96.

Na kama aliyekuumiza ni mtu wa nje, tuseme dereva wa lori aliyekugonga penye njia panda ya reli ukiwa kazini, huyo bado waweza kumdai kwa torti, na muda wake ni miaka 3.

Labda mtu atasema, kama torti dhidi ya tajiri imefungwa, kuna faida gani ya kujua masomo haya? Faida ni lile jambo la kwanza la mwanafunzi: ni nini kilitokea? Mahali fulani nilipofanya kazi zamani, ambapo sitapataja, fundi alipoteza vidole viwili katika mashine isiyo na kinga. Sote tulijua mashine ile ni mbovu. Lakini siku ya kuulizwa, huyu alisema Jumanne, yule Jumatano, na kinga ilikuwa imekwisha kurudishwa. Vidole havikuweza kusema. Karatasi ingesema.

Basi nashauri mambo haya. Mwenzako akiumia, baada ya kumpeleka hospitali, andikeni siku ile ile: tarehe, saa, mahali, chombo gani, nani alitoa amri, nani aliona. Andikeni mlichokiona, si mnachofikiri. Wekeni karatasi za daktari. Msitie sahihi karatasi msiyoielewa. Leteni kwanza kwa katibu. Na hatari ikiwa haijamwumiza mtu bado, iandikwe na ipelekwe kwa tajiri, abaki na nakala yake na sisi yetu, asije akasema hakujua.

Tena naomba kamati inunue daftari moja la ajali la tawi, na ichague watu wawili wa kulitunza, mmoja kila zamu. Bei yake ni ndogo kuliko kidole cha mtu yeyote hapa.

Farwell alipoteza mkono na kesi, lakini jina lake linasomwa hata leo kwa sababu mambo yake yaliandikwa barabara, na waliokuja nyuma wakaona udhalimu ulikuwa wapi. Tuandike na yetu.

Mwenye swali na aulize.